Mama Funguo na Mlango wa Stoo

Kanisa letu ni moja, madhehebu mawili. Mvua ilipobomoa jengo la Wamethodisti, sisi Waanglikana tuliwakaribisha kwa muda, na muda huo sasa umeota mvi. Asubuhi tunasali sisi, tukitoka wanaingia wao. Ukiniuliza mafundisho yetu na yao yanatofautiana wapi, nitababaika. Ukiniuliza ni nani huacha maganda ya karanga chini ya mabenchi, nitakujibu bila kupepesa macho, na jibu si Waanglikana.

Anayetushikilia pamoja si Kasisi wetu wala Mchungaji wao. Ni Mama Funguo, mtunza kanisa, jirani yangu na rafiki yangu. Ni mfupi, mnene kiasi, na funguo zote za kanisa huning'inia kiunoni mwake, hivyo watoto wanaochezea kinanda humsikia kabla hajafika na kutawanyika. Kazi yake kubwa ni ile anayoiita kuligeuza kanisa. Sisi tukiwa bado tunasalimiana mlangoni, yeye ameshatoa kitambaa chetu cha kijani mezani na kutandika chao cheupe. Kikombe chetu kikubwa cha fedha kinarudi katika kabati la kushoto kwenye chumba cha mavazi, na katika kabati la kulia anatoa sinia lao la vikombe vidogo. Vitabu vyetu chini, vyao juu. Ukichelewa kutoka anakufagia pamoja na vumbi, na hachagui cheo. Kasisi mwenyewe ameshafagiwa viatu.

Sasa, sisi kwenye Meza ya Bwana tunatumia divai ya kweli. Wamethodisti hawagusi kilevi, kwa hiyo mjane mmoja wa kwao huwachemshia maji ya zabibu. Lakini mjane hana chupa, na sisi chupa tunazo. Divai yetu ikiisha, Mama Funguo huosha chupa na kumpelekea. Chupa zinafanana kama mapacha, na kilichomo ndani kina rangi ileile, basi ya Wamethodisti hufungwa kitambaa cheupe shingoni. Ndivyo tulivyoishi miaka yote hiyo na hakuna aliyeona ubaya. Mazoea yana taabu, lakini taabu yake huijui mpaka ikufike.

Mume wa Mama Funguo ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mageti mengi ya kijiji hiki ni kazi ya mikono yake, na ana sauti ya besi ambayo akishusha, benchi unalokalia linatetemeka. Zamani alikuwa wa kwetu, kwenye kwaya yetu, na zamani hizohizo alikuwa mlevi. Si mlevi wa sikukuu. Mlevi kabisa. Watu walimwita Bwana Kesho, kwa sababu kila siku aliapa kwamba kesho anaacha. Mara mbili aliacha kweli, na mara zote mbili aliangushwa na kikombe chetu. Alipiga magoti, akapokea funda moja dogo la divai, akasema amina, na jioni yake alikuwa kilabuni. Asiyejua atasema, funda moja litamfanya nini mtu mzima? Huyo hajaishi na mtu wa namna hiyo.

Baada ya anguko la pili kilitokea kisa ambacho Mama Funguo alinisimulia siku moja tu, tukichambua mchele, na hakurudia tena. Kitindamimba wao alikuwa na homa. Mama alikuwa anaandaa kanisa kwa ajili ya maziko, akamkabidhi mumewe mtoto ampeleke zahanati. Jioni Fundi alirudi nyumbani mikono mitupu. Akakaa, akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani.

Mkewe akamuuliza, "Mtoto yuko wapi?"

Akamtazama mkewe, kisha akaitazama mikono yake. "Mtoto gani?"

Mama alimkuta mtoto chini ya benchi la kilabu, katikati ya miguu ya wanywaji, amelala, mwili unaunguza kama pasi, kiatu kimoja hakipo. Leo ni msichana mkubwa ana maneno kunishinda mimi. Lakini mama yake tangu jioni ile hakupona. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Mama Funguo alishtuka kila siku ya Mungu. Mumewe akichelewa kurudi, alisimama dirishani akisikiliza hatua zake, maana alijua mwendo wake wa ulevi na mwendo wake wa uzima. Akifika, alimpokea begi na kumnusa. Fundi alijua ananuswa. Alikuwa anasimama tu mlangoni, anapumua taratibu, mpaka mkewe amalize.

Na harufu hakuipata, kwa maana Fundi aliacha. Safari hiyo aliacha akiwa amehama kwetu na kwenda kwa Wamethodisti, kwenye vikombe vidogo vya maji ya zabibu. Kijiji kizima kilicheka. Watu huhama kanisa kwa sababu ya ndoa au ugomvi, huyu amehama kwa sababu ya kinywaji! Tulicheka, halafu Jumapili iliyofuata kwaya yetu ikaimba bila besi na kicheko kikatuishia. Mama Funguo alibaki kwetu. Alisema nyumba moja haiwezi kuhama yote, lazima mtu abaki kufunga mlango.

Basi ikaja Jumapili ninayotaka kuisimulia. Mchungaji wa Wamethodisti alikuwa na maziko kijiji cha mbali, akaomba wao watangulie na sisi tufuate. Kasisi akakubali. Mama Funguo alilijua hilo vizuri, tena ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba kutuambia tusije mapema tukajaza uwanja. Alfajiri aliingia chumba cha mavazi akiwa na mafua yaliyoziba pua zote mbili. Kichwa kilikuwa kizito, ila mikono ilijua kazi, na mikono ikafanya ilivyozoea: ibada ya kwanza, kabati la kushoto. Ikatoa kikombe cha fedha, sahani na chupa, ikaviweka kwenye meza ya chumbani. Hapo akakumbuka. Akajicheka peke yake, akasema, "Leo wao kwanza, mwanamke wee." Akarudisha kikombe. Akarudisha sahani. Akafungua kabati la kulia, akatoa sinia la vikombe vidogo, akavijaza kimoja kimoja bila kumwaga tone.

Chupa aliyovijazia ni ile iliyokuwa mezani.

Nikuondolee wasiwasi mmoja mapema: kazi hakufukuzwa. Wiki hiyohiyo aliwaeleza wazee wa pande zote mbili, wakanung'unika, wakakohoa, na mwishowe wakaamua maji ya zabibu yawekwe kwenye jagi la plastiki la njano ambalo hata kipofu hawezi kulikosea. Hofu yangu katika kisa hiki haiko kwenye kazi.

Wamethodisti walikuwa katikati ya ibada alipoingia tena chumbani kutuandalia sisi. Akanyanyua chupa iliyokuwa mezani kuirudisha kabati la kulia, na vidole vyake vikapapasa shingoni kutafuta kitambaa. Hakuna. Akafungua kabati. Chupa yenye kitambaa cheupe ilikuwa imesimama mahali pake, imejaa mpaka shingoni, haijaguswa.

Aliniambia kwamba masikio yake yaliziba kwanza. Aliwaona wanakwaya kupitia ufa wa mlango wakisogea mbele, midomo inaimba, lakini hakusikia kitu. Aliufungua mlango, akatokea pembeni mwa madhabahu mbele ya watu wote, na ndipo akaona amechelewa. Waimbaji wa besi walikuwa wameshapiga magoti. Sinia lilikuwa limeshapita. Kila mmoja alikuwa na kikombe chake mkononi akisubiri neno la Mchungaji wanywe pamoja, na mumewe alikuwa wa mwisho upande wake, karibu kabisa, mwenye shati la bluu alilompigia pasi yeye mwenyewe.

Alitaka kupiga kelele. Angesema nini? Ukipiga kelele kanisani kwamba kile ni kilevi, macho yote yatamwendea mtu mmoja. Fundi aliufungua mdomo wake, akakileta kikombe karibu, akasita. Pua yake haikuwa na mafua. Akanyanyua macho, akamwona mkewe mlangoni ameshika fremu kwa mikono miwili, na usoni pa mkewe akasoma kila kitu.

Hapo ndipo mtego ulipokuwa, na Fundi aliuona wote kwa mara moja. Akikiweka chini, kijiji kitasema amerudia pombe, ndiyo maana anaogopa Meza. Akisema ni divai, mkewe amekwisha. Mchungaji akatamka neno lake, watu wakainua vikombe, na Fundi akainua chake.

Walikohoa wengi. Bibi mmoja alilamba midomo na kuchungulia kikombe kama kuna kilichobaki. Mchungaji alikunja uso, akadhani maji ya zabibu yamechacha, na kwa kuwa maziko yalimsubiri, akaharakisha wimbo wa mwisho. Mama Funguo hakumwangalia mtu mwingine. Kwaya ilirudi mahali pake, ikasimama, ikaanza kuimba, na mumewe hakuimba. Ubeti wa kwanza, midomo imefungwa. Ubeti wa pili, midomo imefungwa. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, mishipa ya shingo ikamsimama, na wenzake wa besi walimtazama kwa pembe ya jicho. Baraka ilipotolewa alitembea, hakukimbia, akapita katikati ya watu akiwapungia mkono kwa salamu, akatoka.

Mkewe alimkuta nyuma ya kanisa kwenye tangi la maji ya mvua, ameinama, anatema. Alitema, akasukutua, akatema tena, akajipiga kofi mdomoni. Divai yote alikuwa ameishika kinywani, tangu magotini mpaka kwenye tangi.

"Baba," mkewe akasema, na hakuweza kuendelea.

"Imepita kidogo," Fundi akasema. "Nimejitahidi mke wangu, lakini imepita kidogo. Nimeisikia inashuka."

"Twende nyumbani."

"Njia ya nyumbani inapita wapi?"

Njia ya nyumbani inapita kilabuni. Njia zote za kijiji hiki zinapita kilabuni, aliyekipanga kijiji sijui alikuwa na maana gani.

"Nifungie stoo," Fundi akasema. Akaificha mikono kwapani. "Sasa hivi, kabla sijabadilisha mawazo. Mlango ule nimeuchomelea mwenyewe. Najua hautanifungukia."

Stoo yetu imeshikana na ukuta wa kanisa, upande wa kwaya. Wezi walipoiba mabenchi, Fundi ndiye aliyeitengenezea mlango wa chuma na nondo za dirisha, na alitunyima punguzo. Mama Funguo akamwingiza humo katikati ya viti vibovu na ndoo za rangi, akafunga kufuli kwa nje. Kisha akafuta machozi kwa mkono wa gauni na kuja kuligeuza kanisa, maana sisi tulikuwa tumeshaanza kuingia, na wala hatukujua lolote.

Mimi huimba sauti ya pili. Tulipoanza wimbo wa kwanza, tukaisikia besi. Haikutoka kwetu, kwetu besi ni kinyozi mmoja ambaye hushuka pale tu anapokuwa na mafua. Ilitoka ukutani. Nzito, taratibu, inafuata noti zetu kama mtu anayetembea nyuma yako gizani akikusindikiza. Mwalimu wa kwaya aligeuka, mikono ikamganda hewani. Wazee walitazamana. Kasisi, ambaye husikia vibaya, alitabasamu na kudhani tumefanya mazoezi. Mimi nilimtafuta Mama Funguo kwa macho, nikamwona amekaa benchi la mwisho, ameikumbatia mikono yake, anatikisa kichwa kwa mapigo ya besi ile. Nilidhani anafurahi. Mimi naye, kwa kudhani sijambo.

Katikati ya wimbo uliofuata besi ikakatika.

Mama Funguo alisimama akatoka, na ibada ikiwa inaendelea. Mtu huyo hajawahi kutoka ibadani hata siku mvua ilipokuwa inaingia nyumbani kwake. Nikasema hapa pana jambo. Nikajifanya nina kikohozi, nikamfuata.

Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa stoo, ameushika ufunguo kwa mikono miwili kifuani. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mumewe, na ilikuwa laini, tamu, imejaa mahaba.

"Mke wangu kipenzi. Nimeshatulia, wallahi vile. Nifungulie kidogo tu nikanywe maji hapo tangini. Huniamini? Mimi, mumeo?"

Mama Funguo akanigeukia, midomo imekuwa ya majivu. "Dada, unasikia?" akaninong'oneza. "Hiyo ndiyo sauti. Ndiyo ileile. Aliniita kipenzi siku aliyomchukua mtoto."

Kwa kweli niliogopa. Nilimjua shemeji yangu kwa utani na kelele za mashine yake, sikuwahi kumsikia akibembeleza. Alibembeleza, akanyamaza, akaupiga mlango teke moja ambalo lilinifanya niruke, kisha akaomba radhi kwa sauti ileile ya asali. Mama Funguo alimpitishia maji ya ndoo kati ya nondo za dirisha, kikombe kwa kikombe. Mkono uliokuwa unapokea ulitetemeka hata nusu ya maji yakamwagika. Hakufungua. Alikaa chini akaegemeza mgongo kwenye chuma, akaziba masikio kwa vidole, na mimi nikakaa kando yake na joho langu la kwaya vumbini. Ndani ya kanisa wenzetu walikuwa wanapokea divai, na baadaye nilisikia kwamba Kasisi alishangaa jinsi ilivyopungua.

Ibada iliisha, watu wakatawanyika. Kwenye stoo kulikuwa kimya. Mama Funguo aliinuka, akagonga kwa kucha.

"Baba? Nifungue?"

Kisha sauti ikatoka, kavu, imechoka, haina asali hata kidogo. "Bado. Usifungue."

Nilimwona akishusha pumzi. Akaufungua mlango papo hapo, nami nikataka kumzuia kwa hofu, lakini yeye aliitambua sauti ambayo mimi sikuitambua. Fundi alikuwa amekaa sakafuni nyuma kabisa, mbali na mlango, amejifunga mkono kwenye mguu wa benchi kwa mkanda wake wa suruali. Hakutazama juu. Mkewe akaingia, akakaa kando yake, akazifungua funguo zote kiunoni na kunirushia.

"Tufungie wote wawili," akasema. "Ukifika nyumbani mwambie mwanangu ale, asitusubiri."

"Na wewe? Akikubembeleza tena humo ndani?"

"Ndiyo maana ufunguo uko kwako."

Nikafunga. Nikaenda nyumbani na funguo za kanisa zima mfukoni, nikapita kilabuni ambako walikuwa wameshaanza kucheka, na kwa mara ya kwanza nilikichukia kicheko chao. Nilimpa binti chakula. Akaniuliza baba na mama wako wapi, nikamwambia wana kazi stoo. Akanitazama, kisha akavitazama viatu vyake vyote viwili, hakuuliza tena. Mimi sikula. Kila nilichosikia nilidhani ni teke la mlango.

Jua lilipoelekea kuzama sikuweza kuvumilia, nikarudi. Hakuna mtu uwanjani. Nikaweka sikio kwenye chuma. Sikusikia kitu, na roho ikanipaa. Hasira, pombe, ndoo za rangi, vyuma vilivyochongoka humo ndani, nilifikiria yote hayo na mkono ukawa haulioni tundu la kufuli.

"Shemeji!" nikaita. "Nifungue?"

Wakanong'onezana ndani, mume na mke. Kisha Fundi akajibu, polepole, na benchi fulani humo ndani likatetemeka.

"Shemeji, ahsante. Njoo kesho."

Kijiji kizima kimewahi kuicheka ile kesho. Mimi niliwaletea blanketi, maji na mkate, nikavipitisha kati ya nondo, nikalitikisa kufuli kuhakikisha limeshika.